Kitambaa cheupe na moshi usioonekana: wanunuzi wa magari walipodai haki pamoja

Mwezi wa Oktoba 2025, Mahakama Kuu ya London ilianza kusikiliza mojawapo ya kesi kubwa zaidi za wanunuzi zilizowahi kufika mbele ya mahakama za Uingereza. Watu wapatao milioni 1.6 wanadai kwamba magari yao ya mazutu yalitengenezwa ili yafaulu mtihani wa moshi katika maabara, kisha yachafue hewa yakiwa barabarani. Kampuni zilizowekwa mstari wa mbele katika kesi hiyo ni Mercedes, Ford, Nissan, Renault, pamoja na Peugeot na Citroën. Zote zinakana, na ni mahakama itakayoamua.

Msomaji wa Butembo, Bukavu, Bunia au Uvira anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi, ambao wengi wetu tunapanda moto au tunakwenda kwa miguu? Yanatuhusu kwa sababu chini ya habari ya magari kuna swali ambalo kila muumini wa mashariki analijua. Mtu mdogo akidanganywa na mkubwa, na hasara yake haitoshi hata kumlipa avoka, aende wapi? Kwa miaka 10 sasa nchi kadhaa zimelijibu swali hilo kila moja kwa njia yake, na majibu yao yana mafundisho kwa makanisa yetu.

Tangazo la kitambaa cheupe

Mambo haya yalianza kujulikana kupitia Volkswagen, kampuni kubwa ya magari ya Ujerumani. Kuanzia magari ya mwaka 2009, kampuni hiyo iliwauzia Wamarekani magari ya mazutu kwa jina la "mazutu safi". Huko Marekani mazutu yalikuwa na sifa mbaya ya moshi mweusi na harufu kali. Kwa hiyo kampuni ilitumia televisheni, magazeti na mitandao kuwaambia watu kwamba mambo yamebadilika: gari lina nguvu, linakula mafuta kidogo, na halidhuru hewa. Waliolengwa zaidi ni watu wanaojali mazingira, waliokuwa tayari kuongeza pesa ili wasiwachafulie jirani zao hewa. Katika tangazo moja la mwaka 2015, mama mzee anaweka kitambaa chake cheupe kwenye bomba la moshi la gari, kisha anawaonyesha wenzake kwamba kitambaa bado ni cheupe.

Hapa inafaa tuone jinsi uongo wa kisasa unavyofanya kazi. Kitambaa chenyewe hakikudanganya. Magari hayo yalikuwa na chujio linalozuia masizi, na masizi ndiyo yanayochafua kitambaa. Lakini moshi wa mazutu una kitu kingine pia, gesi zinazoitwa oksidi za nitrojeni. Kwa kiasi kinachotoka kwenye bomba, jicho haliwezi kuziona, wala kitambaa hakiwezi kuzishika. Gesi hizo huumiza mapafu, huzidisha pumu, na huchangia ukungu mchafu unaotanda juu ya miji mikubwa. Tangazo lilionyesha ukweli mdogo unaoonekana, na nyuma yake ukabaki uongo mkubwa usioonekana.

Uongo huo ulifichwa ndani ya kompyuta ya gari. Wakati wa mtihani wa serikali, gari huwekwa juu ya magurudumu ya chuma na kukimbia likiwa mahali pamoja. Programu iliyowekwa na kampuni ilitambua dalili za mtihani, kwa mfano usukani usiogeuzwa, ikawasha mfumo wote wa kusafisha moshi. Gari lilipotoka barabarani, programu ililegeza mfumo huo. Idara ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira ilisema kwamba barabarani gesi hizo zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa na sheria.

Waliofungua siri hiyo walikuwa watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Walifunga vyombo vya kupimia moshi kwenye magari, wakayaendesha katika barabara za kawaida, wakaona kwamba namba za barabarani hazilingani na zile za maabara. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kosa hilo hadharani. Kampuni ilikiri kwamba programu hiyo ilikuwa ndani ya magari yapatayo milioni 11 duniani, na siku 5 baada ya tangazo la serikali, mkurugenzi wake mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu.

Mmoja kwa niaba ya wengi

Sasa fikiri juu ya mwenye gari mmoja tu, mwalimu au muuguzi wa mji mdogo wa Marekani. Hasara yake ni dola elfu chache. Ili apambane na kampuni yenye wanasheria wengi, atahitaji avoka, wataalamu wa injini na miaka ya kusubiri. Gharama hizo zinapita bei ya gari lenyewe. Kampuni inajua hivyo. Ndiyo maana uongo mdogo unaogawanywa kwa watu wengi unaweza kuwa biashara yenye faida, mradi kila aliyedanganywa anung'unike peke yake nyumbani kwake.

Sheria ya Marekani ina njia ya kuvunja hesabu hiyo, nayo ni mashtaka ya pamoja. Utaratibu wake wa leo ulipata sura yake mwaka 1966. Mtu mmoja au wachache, wenye hasara inayofanana na ya wengine, husimama mbele ya hakimu kwa niaba ya wote. Wengine hawalazimiki kufika. Katika kesi za fidia kama hizi wamo ndani mpaka waseme wenyewe kwamba wanatoka. Hakimu naye hupima mambo mawili: kwanza, kama wale wanaosimama wanawawakilisha wenzao kwa uaminifu, pili, kama mapatano yoyote na kampuni ni ya haki kwa wale ambao hawamo chumbani.

Mamia ya kesi juu ya Volkswagen yalikusanywa San Francisco mbele ya hakimu Charles Breyer. Tarehe 25 Oktoba 2016 aliidhinisha mapatano yanayowahusu wenye magari wapatao 475,000. Mwenye gari aliweza kuchagua: kampuni inunue tena gari lake kwa bei liliyokuwa nayo kabla siri haijafunguka, au ilitengeneze bure pale ambapo serikali imekubali njia ya kulitengeneza. Juu ya hayo, wenye magari wengi walipewa fidia ya kati ya dola 5,100 na 10,000. Mapatano yote yalifika hadi dola bilioni 14.7, kati yake bilioni 2.7 za kusaidia kusafisha hewa iliyochafuliwa na bilioni 2 za kuendeleza magari yasiyotoa moshi. Wanasheria wa wanunuzi walilipwa dola milioni 175, na kampuni ilizilipa kando, bila kuzikata katika fidia za watu.

Pamoja na wanunuzi, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilifungua kesi yake Machi 2016, hasa juu ya matangazo. Haikuuliza tu kama moshi ulivunja sheria. Iliuliza kama maneno "mazutu safi" yaliwafanya watu watoe pesa ambazo wasingezitoa kama wangeambiwa ukweli. Mwaka 2020 tume hiyo ilitoa hesabu ya mwisho: zaidi ya dola bilioni 9.5 zilikuwa zimerudishwa kwa wenye magari, na kati ya waliomaliza utaratibu, zaidi ya asilimia 86 walichagua kulirudisha gari. Upande wa jinai pia haukusahauliwa. Mwaka 2017 kampuni yenyewe ilikiri makosa na kutozwa faini ya dola bilioni 2.8, na wafanyakazi wake wawili walifungwa Marekani, mmoja miezi 40 na mwingine miaka 7. Mei 2025, mahakama ya Braunschweig nchini Ujerumani iliwahukumu waliokuwa wakubwa na wahandisi wanne, wawili kati yao kifungo cha gerezani.

Tusifanye njia hii kuwa malaika. Kuna mashtaka ya pamoja ambayo wanasheria wake walipata mamilioni, na kila mlalamikaji akapata kikaratasi cha kupunguziwa bei dukani. Kuna watu wanaowakilishwa bila kujua kwamba wanawakilishwa. Anayesema kwa niaba ya wengi anaweza pia kuwauza wengi. Kwa hiyo jicho la hakimu ni lazima, na hesabu iliyo wazi ni lazima.

Uongo mmoja, malipo tofauti

Linalopaswa kutushtua zaidi ni yaliyotokea nje ya Marekani. Injini zilikuwa za ukoo ule ule, na udanganyifu ulikuwa ule ule. Tena magari mengi zaidi yaliuzwa Ulaya kuliko Marekani. Lakini kwa wanunuzi wa Ulaya kampuni ilisema kwamba kurekebisha programu kunatosha, na haikuwapa fidia kama ile ya Wamarekani.

Ujerumani, nyumbani kwa kampuni hiyo, haikuwa na njia ya wengi kusimama pamoja namna hiyo. Bunge lilitunga sheria mpya, ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba 2018, na muungano wa vyama vya wanunuzi ukafungua kesi mara moja. Mapatano yalipatikana Februari 2020: kati ya euro 1,350 na 6,257 kwa kila mtu, kufuatana na aina na umri wa gari. Miezi 3 baadaye, tarehe 25 Mei 2020, mahakama ya juu ya nchi hiyo katika mambo ya madai iliamua kwamba kampuni ilidanganya kwa makusudi, na kwamba mnunuzi anaweza kurudisha gari na kurudishiwa pesa zake, zikipunguzwa zile za kilomita alizokwisha kutembea. Uingereza nako, mwaka 2022, watu 91,000 walifikia mapatano ya pauni milioni 193, na kampuni haikukiri kosa.

Mapafu ya mtoto wa Berlin hayana tofauti na mapafu ya mtoto wa Los Angeles, wala dhambi ya uongo haikuwa nyepesi zaidi upande huu wa bahari. Tofauti kubwa ilikuwa mlango wa sheria. Mahali ambapo wengi waliweza kuingia pamoja, kampuni ilikuja mezani mwaka mmoja tu baada ya siri kufunguka. Mahali ambapo kila mmoja alipaswa kubisha peke yake, ilichukua miaka 4, 5, hata karibu 7. Umoja wa Ulaya ulikubali somo hilo, na mwaka 2020 ulitoa agizo kwamba kila nchi mwanachama iwe na njia ya chama kuwasimamia wanunuzi wengi mahakamani.

Mabinti wa Selofehadi

Kwa msomaji wa Biblia jambo hili si geni. Katika Hesabu sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mkutano wote. Baba yao amekufa bila mwana wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake na urithi wake vingepotea. Hawakuja mmoja mmoja usiku. Walikuja wote watano, mchana, mlangoni pa hema, na neno moja. Bwana akasema kwamba wamesema haki. Tena hukumu haikuishia kwao, maana iligeuka kuwa sheria kwa mabinti wote wa Israeli waliokuwa katika hali kama yao. Watano walisema, na watu wasiohesabika wakapata haki.

Tuweke kando yao yule mjane wa Luka sura ya 18. Yeye alikuwa peke yake. Alirudi kwa kadhi dhalimu tena na tena, na silaha yake pekee ilikuwa kuchosha. Tumezoea kumhubiri kama mfano wa maombi yasiyokoma, na ndivyo ilivyo. Lakini tujiulize pia: majirani zake walikuwa wapi? Katika mji ule hakukuwa na mtu mwingine aliyeonewa na adui yule yule? Imani yake inasifiwa. Upweke wake haupaswi kuwa desturi ya kanisa.

Na juu ya kosa lenyewe, Mithali na Amosi hawaachi mashaka. Mungu anachukia mizani iliyochezewa. Programu inayosafisha moshi mbele ya mkaguzi na kuuachia mbele ya watoto ni mizani ya aina hiyo, hata kama imeandikwa kwa lugha ya kompyuta.

Gari safi na udongo wa Kolwezi

Kuna upande mwingine unaotugusa kama Wakongomani. Baada ya aibu ya mazutu, Volkswagen iligeukia kwa nguvu magari ya umeme, na kampuni nyingine nyingi zilikuwa njiani humo pia. Leo magari hayo nayo yanatangazwa kuwa safi. Ni kweli kwamba hayatoi moshi kwenye bomba. Lakini betri nyingi zinahitaji kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Kitambaa kinabaki cheupe tena. Tunapaswa kuuliza ni nini ambacho hakionekani juu yake.

Familia za Kikongomani zimekwisha kujaribu kuuliza. Desemba 2019 walalamikaji 14, jamaa za watoto waliokufa pamoja na watoto walioumizwa katika migodi ya kobalti, walifungua kesi Washington dhidi ya kampuni 5: Apple, Dell, Microsoft, Tesla inayotengeneza magari, na kampuni mama ya Google. Waliomba kusimama kwa niaba ya wengine walio kama wao. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi hiyo mwaka 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Ilisema kwamba kununua kobalti kupitia mlolongo mrefu wa biashara hakutoshi kuifanya kampuni kuwa mshirika wa wale wanaowatumikisha watu kule mgodini.

Weka kesi hizo mbili pamoja, za nchi moja. Aliyenunua gari na kudanganywa juu ya moshi alirudishiwa pesa na nyongeza. Aliyepoteza mtoto mwanzoni mwa mlolongo huo alirudi mikono mitupu. Mahakimu walifuata sheria iliyo mbele yao, na hatuwezi kuwahukumu kwa haraka. Ila tunaweza kusema kwamba sheria bado inamwona mnunuzi kwa urahisi kuliko inavyomwona mchimbaji. Makanisa yetu yana ndugu Ujerumani, Uingereza na Marekani, tunaoomba nao na kutembeleana nao. Wao ndio wanunuzi. Muuzaji wa magari anaweza kupuuza barua kutoka Kolwezi, lakini hawezi kupuuza kwa wepesi swali la mteja aliye mbele yake. Tuwaombe ndugu hao waulize.

Kwetu nyumbani

Mashariki mwa nchi yetu udanganyifu wa aina hii una sura nyingi. Gari lililokwisha kutumika linafika kutoka Mombasa au Dar es Salaam, namba zake za kilomita zimerudishwa nyuma. Kipuri cha moto kinauzwa kama cha kiwandani, kumbe ni cha kuiga. Mbegu, dawa, betri za sola, na miradi ya pesa inayoahidi kuzaa mara mbili kwa mwezi, vyote vinatangazwa kwa sauti kubwa. Sheria yetu ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888 inakataa hila katika biashara, na inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro alizoficha. Kinachokosekana ni njia ya kawaida ya wachache kuwasimamia maelfu. Tena mahali pengi leo tribinali ziko mbali, au vita vimezifanya zisifikike.

Hata hivyo kuna mambo tunayoweza kuanza nayo, kwa sababu umoja tunaujua tayari. Tunaujua katika salongo, katika vikundi vya AVEC, katika vyama vya wamotari na vya wakulima.

La kwanza ni karatasi. Unaponunua kitu cha thamani, muuzaji aandike alichoahidi: mwaka wa gari, kilomita, aina ya kipuri, jina lake na tarehe. Ahadi ya mdomo hupotea pamoja na upepo.

La pili ni orodha. Watu 20 waliodanganywa na muuzaji mmoja, kila mmoja akikaa kimya, ni bahati mbaya 20. Watu hao hao wakiandika majina, tarehe na kiasi kwenye karatasi moja, tayari wana ushahidi ambao avoka anaweza kuutumia, ambao chama cha wafanyabiashara hakiwezi kuukana, na ambao muuzaji atapenda kuumaliza kwa mapatano. Kamati za haki na amani katika makanisa zinaweza kuwa mahali pa kuandikia orodha hiyo. Anayechaguliwa kusema kwa niaba ya wenzake atoe hesabu mbele yao, kila franga iliyoingia na kutoka.

La tatu linatugusa sisi viongozi. Baada ya ibada huja wakati wa matangazo, na mara nyingine kati ya habari za mazishi na za kwaya hupitishwa tangazo la biashara: dawa inayoponya magonjwa yote, au mradi wa pesa. Muumini halisikii tangazo hilo kama linatoka kwa mfanyabiashara. Analisikia kama linatoka kanisani, na ananunua kwa sababu anatuamini. Tukikubali kulisoma bila kuuliza, sisi ndio kitambaa cheupe kilichowekwa kwenye bomba la moshi. Basi kila baraza la wazee likubaliane juu ya kanuni moja nyepesi: tangazo lolote la kuuza lisisomwe mbele ya kusanyiko mpaka watu wawili wamelichunguza na mwenye tangazo ameandika jina lake chini.

Bwana atupe uaminifu katika mizani zetu wenyewe kwanza, na ujasiri wa mabinti wale watano pale ambapo mizani ya wengine inawaonea watu wake.